Herufi Iliyoitwa Mpagazi

Siku Mzee Mohan alipopoteza uwezo wa kusoma, alianza kwa kuwatukana watu wa gazeti.

Alikuwa ameketi mahali pake pa kila asubuhi, nyuma ya kaunta ya duka lake la uchapaji pale Moshi mjini, chai ya tangawizi mkononi, gazeti limetandazwa mbele yake. Elisifa alikuwa anafungua madirisha ya chumba cha nyuma. Akamsikia akisonya.

"Hawa nao siku hizi wanachapa nini? Wino umetapakaa ukurasa mzima. Hebu njoo uone aibu hii, Elisifa."

Elisifa akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Aliingia katika duka lile akiwa msichana aliyeteremka kutoka Masama na viatu vya kuazima. Akaolewa akiwa pale, akazaa akiwa pale, akafiwa na mume akiwa pale. Akalitazama gazeti juu hadi chini. Halikuwa na doa.

"Mbona liko safi, Mzee?"

"Safi? Hiki hapa ni nini?" Akagonga kichwa cha habari kwa kidole. "Haya, kisome."

"Bei ya kahawa yapanda mnadani."

Mohan akakitazama tena. Akalisogeza gazeti mbali, akalisogeza karibu, akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Kisha akageuka kuitazama kalenda ya ukutani, ile aliyoichapa mwenyewe, yenye jina la duka juu kwa wino mwekundu. Elisifa aliuona uso wake ukibadilika taratibu, kama wa mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta ufunguo wake haugeuki.

"Hata hii," akasema kwa sauti ndogo. "Hata jina langu."

Hospitalini walipokewa na daktari wa kike, kijana, mwenye subira. Baada ya vipimo akawaeleza kwamba Mzee amepata kiharusi kidogo, sehemu ya nyuma ya ubongo. Macho ni mazima. Ulimi mzima, mikono na miguu mizima. Kilichokatika ni ile njia ya kutoka kwenye jicho hadi mahali ambapo alama hugeuka kuwa neno.

"Ataweza kuandika?" Elisifa akauliza.

Daktari akampa Mohan kalamu na karatasi. "Andika chochote, Babu."

Mohan akaandika harakaharaka, kwa mwandiko wake ule ule wa kupendeza: Naitwa Mohan, ni mchapaji, nataka kurudi kazini. Daktari akaichukua karatasi, akazungumza naye kidogo habari za chumvi na dawa za presha, kisha akamrudishia.

"Sasa nisomee."

Mzee akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Hatimaye akamwinulia daktari uso.

"Nani ameandika haya?"

Elisifa akageukia dirishani, maana hakutaka machozi yake yaonekane. Daktari akasema kwamba kusoma kunaweza kurudi na kunaweza kusirudi, na kwamba wengine hujipatia njia nyingine ya kuzunguka pale palipozibwa. Njia gani, hakuweza kuahidi. Kila mtu na yake.

Walipotoka nje, Mohan akasimama kwenye kivuli cha ukumbi.

"Anjali asijue."

Anjali alikuwa binti yake wa pekee, anaishi Leicester, Uingereza, na mume na mtoto.

"Lakini Mzee, yule ni mwanao."

"Mwambie presha ilipanda. Mwambie macho yananisumbua kidogo. Lakini kwamba sijui kusoma, hilo hapana. Amemzika mama yake mwaka jana tu. Leo nimwambie na baba amerudi chekechea?"

"Sawa, Mzee," Elisifa akasema.

Alikuwa amemwambia sawa maisha yake yote pale dukani, na mara nyingi ilikuwa sawa kweli.

Kazi ikaendelea kwa kufichaficha. Mteja akileta karatasi, Mzee aliipokea, akaitazama, akatikisa kichwa kama anayepima jambo, kisha akasema, "Mpe Elisifa." Vitabu vya risiti, kadi za michango, vipeperushi, vyote Elisifa alivitengeneza kwenye kompyuta. Mzee aliketi karibu naye, akisikiliza mlio wa printa, mikono imelala magotini. Hakuna kitu kilichomuumiza Elisifa kama mikono ile. Ilikuwa haijazoea kulala.

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya zamani ya kuchapia kwa mkono, na ukuta mzima wa droo zilizojaa herufi, nyingine za madini ya risasi, nyingine za mbao. Zamani duka zima lilikula kutokana na droo zile. Siku hizi zilifunguliwa mara mojamoja, mteja wa kizamani alipotaka bango lililochapwa kwa mkono.

Katika droo zote hizo Mzee aliipenda moja. Herufi zake zilikuwa kubwa, za mbao ngumu, na babu yake ndiye aliyeziagiza kutoka Bombay. Zilikuwa nene hasa. Zote zimeinama kwenda mbele, na kila moja, juu na chini, imevalishwa vibao vipana mfano wa nyayo. Aliyezipa jina ni Bhanu, mke wa Mohan. Alipokuwa bibi harusi mgeni pale mjini alipelekwa kutembezwa mlimani, akawaona wapagazi wakipanda na mizigo ya wageni vichwani, wameinama mbele, miguu inaikanyaga ardhi sawasawa. Aliporudi akasimama mbele ya droo ile, akasema, "Hawa nao wanapanda mlima." Tangu siku hiyo herufi zile zikaitwa Mpagazi.

Mpagazi alikuwa na kazi zake. Mechi ya mpira, mnada, dansi la Pasaka, harambee ya kununua kengele, mtu wa kura anayetaka aonekane toka ng'ambo ya barabara: wote hao walipewa Mpagazi. Kadi ya harusi, hapana, hiyo ilitaka herufi nyembamba za kujipindapinda. Tangazo la msiba, hapana kabisa. Misiba ilichapwa kwa herufi zilizosimama wima, zilizotulia. "Mpagazi hajui kunong'ona," Mohan alipenda kuwaambia wateja. "Ukimpa siri yako, atakwenda nayo mpaka Tarakea."

Basi siku moja akaja Thadeus, katekista wa kigango cha huko kwao Elisifa, Masama. Alitaka bango la sikukuu ya mavuno, na alilitaka kama la zamani, lile la herufi nene zinazokimbia. Kabla Elisifa hajafungua mdomo, Mzee alikuwa ameshasimama.

"Nitalipanga mwenyewe."

"Mzee, niachie tu mimi..."

"Nimesema nitalipanga mwenyewe."

Elisifa akamfuata chumba cha nyuma. Mohan akaivuta droo ya Mpagazi. Kila herufi ilikuwa na chumba chake humo ndani, na mkono ukaenda wenyewe, bila kuuliza. Ukatoka na kipande cha mbao. Akakitazama. Elisifa aliona wazi kwamba macho hayakumpa kitu. Lakini dole gumba lilikuwa limeanza kutembea. Lilipanda mguu wa kwanza, likateremka bondeni, likapanda tena, likashuka, likafika kwenye kibao cha chini likasimama.

"M," akasema.

Akafumba macho, akaizungusha tena.

"Elisifa. Hii ni M."

"Ndiyo, Mzee. Ni M."

Akaiweka, akatia mkono mahali pengine ovyo, kusudi, asipopajua. Akatoa nyingine. "K." Akatoa nyingine. "S. Mae! Hii ni S!" Hilo neno la mshangao alikuwa amelitoa kwa Elisifa na Wachagga wenzake. Thadeus, aliyekuwa amechungulia mlangoni, akacheka akidhani ni mchezo wao wawili. Akamwona Mzee analia, akarudi kaunta kimya kimya.

Siku zilizofuata walizijaribu herufi nyingine zote. Za risasi zilikuwa ndogo mno. Za mbao nyembamba, zile zilizosimama bila nyayo, zilimchanganya. Kidole kiliteleza, na I na L na T vyote vilikuwa vijiti tu. Gazetini hapakuwa na kitu cha kushika. Ni Mpagazi peke yake. Unene wake ulikipa kidole ukingo wa kufuata, nyayo zilikiambia hapa ndipo mwisho, na ule mwinamo ulikisukuma kwenda kwenye herufi ya pili kama mtu anayeteremka kilima. Kwamba mbao za kuchapia huchongwa kinyume, kama uso kwenye kioo, hilo halikumsumbua. Alikuwa ameyasoma maneno kinyume tangu utotoni.

Kuanzia hapo wakawa na desturi yao. Asubuhi Elisifa alisoma gazeti lote, akachagua habari moja, akaipanga kwa herufi za Mpagazi kwenye ubao mrefu, akaiweka mbele ya Mzee pamoja na chai. Mohan alifumba macho akasoma. Mstari mmoja ulichukua muda hata chai ikapoa, lakini alikuwa haambiwi na mtu. Alisoma mwenyewe. MVUA ZACHELEWA SAME. Akaguna. TIMU YA MJI YAFUNGWA TENA. "Hao nilijua tu." Wakati mwingine alirudia neno lililompendeza, akalipapasa mwanzo hadi mwisho kama anayempapasa paka.

Ukurasa wa vifo Elisifa aliuruka. Mpaka siku moja Mzee akauliza:

"Elisifa, siku hizi Moshi hafi mtu?"

"Wanakufa, Mzee."

"Basi niwekee na hao. Usinichagulie."

Haikupita muda akafa Hardeep. Alikuwa Singasinga mwenye gereji, aliyesoma na Mohan darasa moja na kucheza naye karata kila Jumamosi tangu ujana wao. Habari zilimfikia Elisifa kwanza, njiani, kabla hajafika dukani. Angeweza kumwambia kwa mdomo. Lakini alikumbuka alivyoagizwa, akaingia chumba cha nyuma, akapanga jina lile herufi baada ya herufi, akaongeza neno AMEFARIKI, akaenda akaliweka mezani.

Mohan akaanza kusoma. Alipofika kwenye D akasimama. Akarudi mwanzo. Akaja tena hadi kwenye D, akapita, akamaliza jina. Kisha akasoma lile neno la pili lote, hakuruka hata herufi moja. Akakaa na kiganja juu ya ubao.

"Herufi hii si ya misiba," akasema.

"Ndiyo pekee tuliyo nayo, Mzee."

"Najua."

Elisifa akavuta kiti akaketi kando yake. Chai ikapoa, wala hakuna aliyeinuka kuwahudumia wateja.

Miezi ikapita, Anjali akaja kutoka Leicester. Mwenye jengo alikuwa ametoa taarifa kwamba anabomoa ajenge ghorofa, na Anjali alikuja kufunga duka na kumchukua baba yake akaishi naye. Alipomwona Elisifa mlangoni alimkumbatia kwa nguvu. Elisifa ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, Bhanu alipokuwa na shughuli dukani.

"Shikamoo, Mama Rogath." Rogath ni mtoto wa kwanza wa Elisifa.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Na wewe umechoka. Umemtunza Baba, nitakulipa nini mimi?"

Hakuwa mtu mbaya, Anjali. Alifanya kazi kutwa, akipanga vitu, akiita wanunuzi, akiuliza bei, akilia kila alipokuta kitu cha mama yake, kisha akiendelea. Baba yake alimwambia kwamba macho yake yana ukungu ndiyo maana hasomi sana. Akaamini. Kwa nini asiamini?

Katikati ya shughuli hizo shemeji yake Elisifa akafariki, na Elisifa akapanda Masama kwenye mazishi, akalala huko. Aliporudi mjini alipitia mlango wa nyuma. Alimkuta Mzee amekaa peke yake kwenye kigoda, ameingiza mkono ndani ya droo ya Mpagazi. Droo ilikuwa tupu. Mkono ulikuwa unapita chumba hadi chumba.

"Ziko wapi?" Elisifa akauliza, ingawa alishaelewa.

"Alikuja kijana mmoja, Fredy, anapamba hoteli ya wageni huko juu. Anjali amemuuzia. Nilikuwa nimelala. Akaniambia mchana, kwa furaha: Baba, nimezipatia herufi zako watu watakaozithamini."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia amefanya vizuri."

"Mzee! Kwa nini hukumkataza?"

"Angeniuliza nazitakia nini."

Elisifa akageuka kwenda mbele, alikokuwa Anjali. Mohan akamshika kanga.

"Elisifa. Uliniahidi."

"Hiyo ilikuwa zamani. Sasa mambo yamekuwa mengine."

"Zimeshakwenda. Ukimwambia leo, kitakachobaki ni yeye kujua kwamba ameniumiza. Mwache mtoto alale salama."

Akasimama pale, kanga ikiwa bado mkononi mwa Mzee, akashindwa kwenda mbele. Alichoweza ni kumshawishi waende hotelini wakaziombe. Wakamwambia Anjali kwamba Mzee anataka kuonja hewa ya mlimani kabla ya kusafiri, wakakodi teksi.

Hoteli ilikuwa juu, barabara inapopita katikati ya migomba na mibuni na baridi inaanza kuuma. Fredy aliwapokea kwa shangwe, kijana wa watu, mikono imejaa rangi. "Karibuni sana! Mzee mwenyewe! Njoo uone tulichofanya na hazina yako!"

Akawaingiza mapokezi. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa umejaa herufi za mbao, zimepakwa vanishi zinang'aa. Mpagazi alikuwa katikati, mahali pa heshima. Wageni wawili walikuwa wanapiga picha.

Mohan akaenda hadi ukutani, akaweka mkono. Akatembea pole pole, vidole mbele. "Karibu," akasema. Akasogea. "Pumzika." Maneno yalikuwa yamekaa kinyume, na Fredy akaeleza kwamba wageni huyapenda hivyohivyo, wanakaa wakibuni. Mzee hakumsikia. Alikuwa amefika mahali ambapo vidole vilianza kusitasita. Vilikwenda, vikarudi, vikapanda mstari wa juu, vikashuka.

"Hapa mmeandika nini?"

"Hapo hatukuandika kitu, Mzee. Ni pambo tu."

Mohan hakuutoa mkono. Akajaribu tena, toka mwanzo wa mstari.

Elisifa akamvuta Fredy kando. "Mwanangu, zinabanduka? Mzee anazihitaji. Nisikueleze mengi, anazihitaji sana."

Fredy akamtazama Mzee, akaitazama mikono ile ukutani, na ni kama kitu fulani kilimwingia, maana alikwenda kuleta bisibisi. Akajaribu A moja, pembeni, kwa uangalifu. Akafungua skrubu, akaikwangua gundi, akainyanyua kidogo kidogo. Ikapasuka katikati. Gundi ilikuwa imeshaingia kwenye nyuzi za mbao. Akajaribu nyingine, nayo ikafuata njia hiyo hiyo.

"Mama, ningejua," akasema. "Haki ya Mungu, ningejua."

Akaenda stoo akarudi na kijisanduku. Humo zilikuwamo herufi ambazo hawakuzitumia: Q na X, kwa sababu hakuna neno la Kiswahili linalozihitaji. Mohan akatia mkono, akaitambua moja, akaitambua ya pili, akazitia mfukoni mwa koti. Ndani ya teksi, wakiteremka, ghafla akacheka.

"Kwa hizi siwezi kuandika hata chai."

Elisifa naye akacheka. Wakacheka wote wawili mpaka dereva akawatazama kwenye kioo. Halafu Mzee akageuzia uso dirishani, akabaki hivyo hadi mjini.

Siku ya safari waliagana pale mlangoni pa duka, ambapo bango lilikuwa limeshateremshwa. Elisifa alikuwa amemfungia ndizi za kukaanga za kula njiani, akijua kwamba uwanja wa ndege watamnyang'anya.

"Nani ataniwekea habari huko?" Mohan akamnong'oneza, Anjali akiwa anapakia mizigo.

"Nitakupigia simu, Mzee. Kila Jumapili."

Na alipiga. Sasa alikuwa ameajiriwa kwenye duka la kudurufu huko Pasua, na Jumapili alirudi kutoka misani akiwa na gazeti kwapani. Alimsomea Mzee kahawa, mvua, mpira, waliokufa. Mwanzoni Mohan aliuliza maswali mengi. Baadaye machache. Jumapili moja akamkatiza.

"Elisifa, wewe unasoma vizuri. Lakini ukisoma wewe, nasikia tu. Basi. Nasikia."

Akamalizia ile habari, maana alikuwa ameshaianza.

Kisha siku moja, si Jumapili, simu ikatoka kwa Anjali mwenyewe.

"Mama Rogath, Baba ana vipande viwili vya mbao mfukoni. Anavishika mchana kutwa. Jana mwanangu amemchorea kadi, ameandika jina lake kubwa. Baba ameishika juu chini, akasema nzuri sana." Akapunguza sauti. "Baba hawezi kusoma, sivyo?"

Elisifa aliketi kwenye mabunda ya karatasi.

"Hawezi, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja."

"Na zile herufi..." Elisifa alimsikia akifika pale peke yake, hatua kwa hatua, wala hakuwa na namna ya kumzuia. "Alikuwa anazisoma. Kwa mikono. Na mimi nikaziuza."

"Hukujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilikubali," Elisifa akasema. Upande wa pili Anjali alikuwa analia kama alivyolia utotoni, kwa kukatakata pumzi, na safari hii hapakuwa na mgongo wa kumbeba.

Anjali hakukaa kulia tu. Alizunguka huku na huko akiulizia, mpaka akampata mchapaji mstaafu mwenye droo za mbao kwenye banda la nyuma ya nyumba yake. Akamtumia Elisifa picha kwenye simu. Elisifa aliikuza kwa vidole. Zilikuwa nene, zimeinama mbele, zina nyayo. Si ndugu wa Mpagazi tu, ilikuwa kama mtu na pacha wake. Akaandika: Ndizo hizo hizo. Wahi.

Lakini kabla hazijafika nyumbani, kiharusi cha pili kikampiga Mzee, na hiki hakikuwa kidogo. Kilichukua upande wote wa kulia, na maneno pia. Anjali alipeleka herufi hospitalini hata hivyo. Akaiweka M chini ya mkono wa kulia, mkono haukuhisi. Akaihamishia wa kushoto. Ule mkono haukuwahi kufundishwa. Uliigusagusa ile mbao, ukaipigapiga kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwingine, ukatulia.

Akafa kabla ya Kwaresima. Mwili ulichomwa huko huko Leicester, kwa desturi ya dini yake. Anjali akapiga simu wakati moto umeshawashwa. Walikaa tu na simu masikioni hadi salio likaisha.

Jumapili iliyofuata Elisifa alipanda Masama, akaomba nia ya misa. Mhudumu alimwuliza jina la ukoo wa marehemu, akalitaja, Jivraj, na mhudumu akaandika alivyosikia. Ilipofika wakati wa kuombea wafu, binti aliyesoma siku hiyo akapita vizuri kwa akina Swai na Lema na Massawe, kisha akakwama. Akajaribu mara mbili, akatamka kitu kisichofanana na jina la mtu yeyote. Waumini wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Elisifa akaitikia nao.

Nje kulikuwa na manyunyu. Wanawake wawili wa jumuiya yake wakamngojea getini wateremke pamoja, wamejitanda kanga vichwani.

"Na huyo wa jina gumu, ni nani wako?" mmoja akauliza.

"Alikuwa bosi wangu, mjini."

Wakatembea kidogo. Neno lile, bosi, likambaki mdomoni kama punje ya mchanga.

"Tulikuwa tunasoma pamoja," akasema.

"Kumbe! Shule gani hiyo?"

Elisifa alitaka kuwaeleza. Akafikiria aanzie wapi, akaona njia panda ya kwao imeshafika, na manyunyu yanageuka mvua. Akawaambia wasalimie nyumbani, akaingia njia yake kati ya migomba.